Dirisha la Kuazima

4 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta kwenye meza yako, umevaa miwani, na kamusi iko karibu. Kupiga simu nimeacha. Kila nikipiga unaniuliza "Nani?" mpaka tunachoka sote wawili, na Mama Mkubwa anakunyang'anya simu na kuanza kunigombeza mimi.

Nina kazi inayokuhusu. Unaikumbuka ile programu niliyoiandika nilipokuwa bado nakaa kwenu, ile ambayo hospitali ya mjini huitumia kutazamia picha za eksirei? Hospitali imepata kompyuta mpya za aina nyingine kabisa, na programu yangu haifanyi kazi ndani yake. Kampuni imeniagiza niihamishe.

Sehemu kubwa niliiandika mwenyewe, kwa hiyo naielewa. Kinachonitia wasiwasi ni ile sehemu inayoonyesha picha. Hiyo iliandikwa na kampuni nyingine, sisi tukaipachika ndani ya programu yetu, na kilichomo ndani yake hatukijui. Kampuni yenyewe imeshafungwa, na kwa kompyuta hizi mpya haikuwahi kutengeneza chochote. Itabidi nichukue sehemu ya watu wengine niipachike pale. Bosi anasema ni kazi ndogo: toa hii, weka ile.

Sasa naomba msaada wako. Maneno yote kwenye skrini yalikuwa ya kigeni. Safari hii nataka wauguzi wasome Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kitoke kwako. Nimekuambatishia maneno. Pembeni mwa kila picha huwa kuna herufi mbili za kigeni zinazoonyesha ni upande gani wa mgonjwa, wa kulia au wa kushoto. Niambie tuandikeje.

Mama Mkubwa hajambo? Mwambie nimezikumbuka kelele zake.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Ina makosa mawili, yote ya haraka, na sitakutajia ili uyatafute mwenyewe.

Maneno uliyoyataka nimeyaandika na kuyapanga. Hiyo sehemu ya kuonyeshea picha nimeiita kitazamio. Mama yako mkubwa alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akauliza kitazamio ni mnyama gani. Nikamweleza kama ulivyonieleza. Akasema, "Si ni dirisha tu hiyo? Mtoto amejenga nyumba yake, halafu dirisha ameazima kwa jirani." Ngeli ameivunja, lakini maana ameishika.

Kuhusu pande mbili: andika KULIA na KUSHOTO. Maneno kamili. Neno halikatwi. Sikuwafundisha watoto wa watu maisha yangu yote ili mwanangu mwenyewe, niliyemlea kwa mkono wangu, aje kuandika herufi mojamoja kama anayeanza shule. Kulia ni mkono wa kulia chakula. Halihusiani na kulia kwa machozi, ingawa wavivu huyachanganya.

Yanayofuata nayaandika shingo upande, kama yalivyotamkwa, kwa sababu mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu ameshika mwiko: "Mwambie kiti yake bado iko pale pale, hakuna mtu anakalia. Viatu zake za shule nimegawa, asiniulize. Na wewe mzee andika hivyo hivyo. Hii ni salamu yangu, si mtihani yako."

Unajua kwamba alikulia katika lugha nyingine. Tangu nimwoe namsahihisha, na hadi leo sijafanikiwa hata kwa kiti kimoja.

Analalamikia ubavu kidogo. Anasema ni uzee.

Baba yako mkubwa

2 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Makosa yangu nimeyaona. La pili nimeliona baada ya kutafuta sana.

Maneno yako yote nimeyaingiza. KULIA na KUSHOTO nimeyaandika kamili kama ulivyoagiza. Hapa ofisini wamelipenda neno "kitazamio" bila kulielewa, fundi mwenzangu amelifanya tusi, programu ikigoma anaigongea meza na kuipigia kelele, "We kitazamio we!"

Dirisha jipya la kuazima nimelipata, na linafungua picha upesi kuliko lile la zamani. Limeandikwa na watu nisiowajua, na maelezo yao ni mafupi kama ya mtu aliyelazimishwa kusema. Kila kampuni ina mazoea yake. La zamani lilihesabu mistari ya picha kuanzia chini, hili linahesabu kuanzia juu, kwa hiyo mgonjwa wangu wa kwanza alitokea kichwa chini miguu juu. Hilo nimelirekebisha. Nimeijaribu programu nzima hapa kwa lugha ya kigeni ya huku, na zile herufi za pembeni zimetokea zote mbili. Kuibadilisha iwe Kiswahili ni jambo la kubonyeza mahali pamoja tu, watafanya wenyewe huko hospitalini.

Bosi ananiharakisha, nami nimechoka. Wiki ijayo naikabidhi.

Ubavu wa Mama Mkubwa usiufanyie mzaha. Mpeleke akapimwe, hata kama atakutukana njia nzima.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Nimeiona kazi yako kwa macho yangu. Nilimpeleka mama yako mkubwa kupigwa picha (alinitukana njia nzima, kama ulivyotabiri), nikaomba kuingia chumba cha picha. Mpiga picha alipata kuwa mwanafunzi wangu, kwa hiyo hakuthubutu kunikatalia. Skrini yote ilikuwa Kiswahili safi. Fungua picha. Hifadhi. Kuza. Funga. Nilisimama nikavisoma vitufe kimoja kimoja mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepotea. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini nilifurahi.

Nina lalamiko moja. Uliniahidi maneno kamili pembeni mwa picha. Nimekuta K. Upande huu K, na upande ule K. Nilimwambia mpiga picha kwamba hiyo si lugha. Akanijibu, "Mwalimu nawe! K ni K, daktari anajua." Zamani walikuwa wakiweka herufi ya madini ya risasi pembeni kabla ya kupiga picha, ikatokea ndani ya picha yenyewe. Sasa wameacha, maana programu huandika upande bila kuambiwa. Rekebisha. Ni uzembe wa lugha na sikuutegemea kwako.

Habari ya mama yako mkubwa ni hii. Figo yake moja imeharibika siku nyingi na haifai tena. Itatolewa. Ya pili ni nzima, na daktari anasema mtu huishi na moja bila taabu. Mwenyewe anasema: "Watoe tu hiyo kitu mbaya. Nimeishi na huyu mzee miaka yote, sasa figo moja ndiyo itanishinda?"

Nimeandika kama alivyosema.

Baba yako mkubwa

9 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Nilipomaliza tu kuikabidhi programu walinitupia kazi nyingine, na barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Mama Mkubwa ameshapasuliwa? Mwambie nikija nitamwoshea vyombo mwezi mzima, na asinisimamie.

Hiyo K yako imenichekesha mpaka wenzangu wakageuka. Mkeo anatolewa figo, nawe unagombana na herufi! Nadhani dirisha la kuazima lina nafasi ya herufi moja tu kwenye pembe, basi linachukua ile ya kwanza na kutupa zilizobaki. Kwa lugha ya waliolitengeneza, herufi moja inatosha. Usikasirike. Nimeiweka kwenye orodha ya mambo madogo, nitaishughulikia katika toleo lijalo.

Nipe habari za upasuaji upesi.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Mama yako mkubwa amepasuliwa. Yuko kitandani na anahudumiwa. Usije sasa. Kazi yako inakuhitaji, na hapa nyumba imejaa ndugu wa kutosha.

Nina swali la ufundi. Dirisha la zamani lilimwonyesha mgonjwa akiwa amekutazama usoni. Je, hili jipya humwonyesha hivyo hivyo, au humwonyesha akiwa amekupa mgongo? Nijibu kwa sentensi moja.

Anakusalimu. Anasema kiti chako kipo mahali pake na hakijakaliwa na mtu.

Baba yako mkubwa

10 Juni

Baba Mkubwa,

Humwonyesha akiwa amekupa mgongo. Hiyo ndiyo sentensi uliyoitaka, na nilikuwa siijui mpaka juzi.

Barua yako ilinikuta nimeitwa kwa bosi. Hospitali imeandika kwa kampuni. Wanasema hitilafu ilijitokeza na figo isiyo sahihi ikatolewa. Mgonjwa mmoja ametolewa figo nzima na kuachiwa mbovu. Jina hawakutaja.

Nilikaa na maelezo ya lile dirisha nikayasoma upya neno kwa neno. Kuna mstari mmoja, mmoja tu, unaosema kwamba usipoliagiza vinginevyo, linamwonyesha mtu kama anavyoonekana kwa nyuma. Madaktari wamezoea picha ambayo mkono wa kulia wa mgonjwa uko upande wa kushoto wa anayetazama, kama mtu mliyesimama naye mkitazamana. Mimi niligeuziwa picha na sikujua. Kwa herufi za kigeni wangegundua mara moja, kwa kuwa ni mbili tofauti. Lakini kulia ni K na kushoto ni K. Kila aliyetazama alisoma K aliyoitarajia.

Uliniambia, Baba Mkubwa. Ulinitajia pande zote mbili. Nikacheka.

Sasa niambie ukweli. Kwa nini uliniuliza swali lile? Ni nani mgonjwa? Niambie si Mama Mkubwa.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Si yeye. Niliuliza kwa sababu mji wote unalizungumza jambo hili, nami nilitaka kulielewa kutoka kwa anayelijua. Mgonjwa ni mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Humfahamu. Anasafishwa damu kwa mashine, na wanawe wanampeleka na kumrudisha.

Mama yako mkubwa anaendelea vizuri. Maneno yake ni haya: "Mwambie asilie. Vyombo vyangu vinaoshwa na watu wengine siku hizi, nami nimekuwa malkia. Aifanye kazi yake hadi mwisho. Kilichoharibika kirekebishwe."

Nakubaliana naye. Umeandika kwamba hitilafu ilijitokeza, na hayo ni maneno ya hospitali, si yako. Usiyarudie. Wala usiiache kazi hiyo kabla ya kuimaliza, maana watu wanapigwa picha kila siku.

Baba yako mkubwa

8 Julai

Baba Mkubwa, shikamoo.

Programu niliifunga siku ile ile nilipopata habari. Sasa nimeitengeneza upya. Picha inamwonyesha mgonjwa akiwa anakutazama. Maneno siliachii tena lile dirisha. Nayachora mwenyewe juu ya picha, KULIA na KUSHOTO, herufi zote, na yasipoonekana picha haifunguki. Safari hii nimeijaribu kwa Kiswahili, na nimemwomba daktari aketi pembeni yangu akitazama. Mpiga picha wa huko ameniandikia kwamba herufi ya risasi imerudi kazini. Hilo limekwisha.

Bado lako.

Tangu juzi nazisoma barua zako. "Kiti chako kipo mahali pake na hakijakaliwa na mtu." "Vyombo vyangu vinaoshwa." "Kilichoharibika kirekebishwe." Nimezisoma mpaka nikazisikia, na sauti niliyoisikia ilikuwa yako. Mama Mkubwa hajawahi kusema "kiti chako" tangu nizaliwe. Ulimsahihisha maisha yenu yote na hukumweza. Hawezi kuwa ameshika ngeli zote wakati mmoja, akiwa kitandani, na mshono tumboni.

Nani aliyesema maneno hayo?

Yuko wapi, Baba Mkubwa?

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

Umesoma vizuri.

Nilijaribu kuyaandika kwa namna yake. Niliandika "kiti yako", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Alipokuwa amesimama nyuma yangu yalikuwa maneno yake. Nilipoyaandika peke yangu nilijiona namwigiza mgonjwa, na mkono ukakataa.

Figo nzima iliyotolewa ni yake. Tulijua mkojo ulipokoma. Daktari amenieleza kwamba alipofungua aliona figo haina sura ya ugonjwa, lakini akaiamini skrini kuliko macho yake. Amenieleza huku analia, nami sikumzuia. Ile habari ya mama wa mtaa wa nyuma niliitunga. Mashine ilikuwa ya mke wangu. Ilimshikilia kwa muda, kisha moyo ukachoka. Alifariki tarehe 2 Julai, asubuhi, nikiwa nimeikumbatia miguu yake kwa sababu alisema inamwuma kwa baridi. Tumemzika. Ndugu niliwakataza kukuambia.

Yeye ndiye aliyetaka hivyo. Alinishika shati akasema: "Mtoto asijue ni kompyuta yake. Atabeba hii kitu mpaka azeeke nayo. Mimi nimelea yeye kwa raha, siwezi muacha na mzigo." Nikamwapia. Sasa kiapo nimekivunja, kwa kuwa umeniuliza, nami sikukulea ili nikudanganye mara ya pili.

Hospitali imeniletea barua ya rambirambi. "Hitilafu ilijitokeza." "Figo ilitolewa." "Kosa lilifanyika." Nimemtafuta mtenda katika barua ile nzima sikumwona. Kauli ya kutendwa nimeifundisha mpaka nikastaafu, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba mtu anaweza kujificha ndani yake na kufunga mlango.

Mimi sitajificha. Niliziona K mbili kwa macho yangu. Nilisimama mbele ya picha ya figo za mke wangu, nikasahihisha lugha. Ningeuliza swali moja tu, "Ipi ni ipi?", mpiga picha asingekuwa na jibu, na pale pale tungejua. Sikuuliza. Nilikuandikia lalamiko.

Usinijibu kwa kunifariji.

Baba yako mkubwa

27 Julai

Baba Mkubwa,

Sikufariji.

Niliazima dirisha na sikulijaribu kwa lugha yetu. Niliipindua picha ya Mama Mkubwa. Niliyakata maneno yako na kuacha herufi. Uliponiambia, nilicheka, na nikaliandika katika mambo madogo. Nilimtoa Mama Mkubwa figo yake nzima kwa mkono wa mtu mwingine, kisha nikamwandikia kwamba nitamwoshea vyombo.

Kampuni imenipa maneno ya kusema kama nitaulizwa. Yote hayana mtenda. Sitayasema.

Nilianza kufunga mizigo siku niliyopata barua yako, nikaacha katikati, nguo nyingine ziko ndani ya sanduku, nyingine ziko sakafuni. Sijui kama ninakuja kuzika, maana mmeshazika. Sijui nitaingiaje jikoni mle. Nyumba ni yako na aliyefariki ni mkeo. Usipotaka kunitia machoni, niandikie hivyo kwa neno moja. Nitalisoma na sitalalamika.

Mwanao, kama bado nina haki ya kuliandika neno hilo

4 Agosti

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mezani, nikaisoma tena uani, kwa sababu ndani kuna kiza. Haina kosa hata moja. Kila kitenzi kina mtenda wake. Nilitamani nikute japo koma moja imekaa vibaya, nipate cha kufanya.

Ulikosa. Sitaandika vinginevyo, nawe usingeniamini. Mimi nilikosa, na aliyeshika kisu alikosa, na kila mmoja wetu atabeba lake. Lakini nimepekua barua yako yote, na hakuna mahali nilipoona sababu ya wewe kulibeba lako ukiwa mbali na mimi langu nikiwa hapa.

Haki uliyoiulizia haikutoka kwenye barua, kwa hiyo haiwezi kufutwa kwa barua.

Tangu jana natandika kitanda chako. Kumbe ni kazi. Yeye alikuwa akitandika huku anapiga kelele na watu wa nje, nami nikadhani mashuka hukaa yenyewe. Nikilivuta shuka huku, linatoka kule. Nimelivuta mpaka nikaketi sakafuni. Hivi sasa upande mmoja linaburuta chini na upande wa pili godoro liko wazi, na nimeliacha vivyo hivyo.

Njoo ulishike upande mmoja.

Baba yako mkubwa